Mtu wa Tano

Baba yangu alijua kumwondoa rais kuliko alivyojua kupika chai. Chai yake ilikuwa maji ya moto na majani yanayoelea. Lakini umuulize rais anatolewaje madarakani bila bunduki wala fujo, ungekaa hapo mpaka mbaazi zikukaukie sufuriani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Katiba mpya ilipokuja, yeye karibu anastaafu, wakamchukua awe mmoja wa wale waliozunguka mitaani kuifundisha. Alizunguka Kisauni nzima, kuanzia kwetu Magogoni mpaka Frere Town, na siku nyingine akivuka feri kwenda Likoni. Kitabu kwapani, kimevalishwa karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa darasa la tatu.

Mimi ndiye niliyekuwa mbeba viti. Nilikuwa msichana mkubwa, shule nimemaliza, kazi sina, na baba hakuweza kuona mtu amekaa bure. Viti vilikuwa vya somo lake la njia mbili, na alilipenda somo hilo kuliko yote.

Njia ya kwanza ni ya kosa. Rais akivunja Katiba vibaya, au pakiwa na sababu nzito ya kuamini ametenda jinai, au akikosa adabu ya cheo chake kupita kiasi, mbunge analeta hoja, naye awe ameungwa mkono na theluthi moja ya wenzake. Theluthi mbili ya Bunge wakikubali, mashtaka yanakwenda Seneti. Huko rais ana haki ya kusimama ajitetee, yeye au mawakili wake. Theluthi mbili ya maseneta wakisema ndiyo, amekwisha. Muda huo wote bado ni rais, na baba alikuwa mkali sana hapo, hataki mtu amwite jina jingine. Watu walilipenda somo hili. Kila mtu alikuwa na rais wake wa kumtoa.

Njia ya pili ndipo watu walipoanza kupiga miayo. Hii ni ya rais asiyejiweza, mwili au akili. Hapo baba alipanga viti vitano mstari mmoja. Robo ya wabunge waunge mkono hoja, wengi wao waipitishe, kisha Jaji Mkuu aunde jopo. Viti vitatu ni vya madaktari. Kimoja cha wakili. Cha tano ni cha mtu ambaye rais amemteua mwenyewe, na akiwa hawezi hata hilo, jamaa zake wamteulie. Wana siku kumi na nne za kuchunguza. Wakisema anajiweza, maneno yameisha. Wakisema hajiwezi, Bunge linapiga kura. Na ripoti yao haina rufaa.

Siku moja kule Likoni, upande wa Shelly Beach, mama mmoja muuza samaki akamkatiza. Akauliza huyo wa tano ana faida gani, si ataenda kumdanganyia tu mtu wake? Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikwenda akakaa kwenye kile kiti cha tano, akaweka mikono magotini.

"Huyu hakuwekwa hapa amtetee," akasema. "Amewekwa ili ukweli ukisemwa, usemwe na anayempenda."

Katiba haikuandika hivyo. Nimeisoma kifungu kwa kifungu nikiyatafuta maneno hayo, hayamo. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, na mimi nikiwa nimesimama nyuma na kamba ya viti mkononi niliyameza yote.

Alipostaafu akawa mwenyekiti wa chama chetu cha matanga. Ni chama cha mtaa tu, Waislamu na Wakristo pamoja: turubai mbili, viti vya plastiki, masufuria makubwa ya pilau, na stoo ya mabati yenye kufuli. Mtu akifiwa, mwenyekiti anatangaza, vitu vinapakiwa kwenye mkokoteni, kabla jua halijapanda wafiwa wana kivuli na mahali pa kukaa. Baba akasema chama bila katiba ni genge. Akaiandika mwenyewe kwa mkono, na jamani, alivyoipenda ile Katiba kubwa, akainakili! Njia mbili za kumwondoa mwenyekiti. Theluthi, robo, jopo la watu watano. Madaktari hatuna, akaandika "watu watatu wenye ujuzi wa tiba". Wakili hatuna, akaandika "mtu mmoja anayejua sheria". Na wa tano akamwacha kama alivyo, ateuliwe na mwenyekiti. Wanachama walicheka mpaka wakashika mbavu, ati chama cha masufuria kina jopo. Wakatia sahihi wote bila kusoma.

Mama alipofariki, chama kilitutendea haki. Nilirudi nyumbani kumtunza baba, nikawa nauza mahamri asubuhi hapo barazani, na kwa miaka kadhaa tukaishi vizuri tu, tukigombana kuhusu chumvi.

Nilipoona kwanza kwamba kitu kimelegea ni ule wakati vijana walipoingia barabarani wakitaka rais aondoke. Wa mtaani kwetu wakaja kwa baba jioni, wanne watano, wamekaa kwenye ngazi. Wakamwambia, Mwalimu, sisi tumechoka kukimbizwa, hebu tuambie Katiba inamtoaje. Baba alifurahi uso ukang'aa. Akaanza: theluthi moja, theluthi mbili, halafu mashtaka yanakwenda... Akanyamaza. Akarudia. Yanakwenda... Kijana mmoja akamsaidia kwa adabu, "Seneti, Mwalimu." Baba akamfokea kwamba hakuombwa, akaingia ndani. Vijana wakatazamana, mmoja akaguna kama anayecheka. Niliwatolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimfukuza hata yule aliyesaidia, maskini, na yeye ndiye aliyekuwa na huruma kuliko wote.

Nikasema ni uzee. Nilisema hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Kisha ikaja siku ya fundi cherehani. Fundi ni rafiki wa baba tangu ujana wao, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mkewe ndiye katibu wa chama. Asubuhi moja baba alifungua stoo, akaita wenye mkokoteni, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwa sauti ya majonzi kwamba fundi amefariki alfajiri. Nani angemshuku mwenyekiti? Wanawake wakajifunga leso wakaenda. Turubai ikasimama. Mke wa fundi alikuwa ametoka sokoni Kongowea, anafika anaona kwake watu wamekaa mikekani wanalia. Alidondosha kapu lake, nyanya zikatawanyika, akaanguka pale pale.

Fundi mwenyewe alikuwa uani anaoga. Akatoka na msuli na ndoo, akasimama kwenye matanga yake. "Mwalimu, amekufa nani?" akauliza. Baba akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka kweli kweli, akampa pole. Alimpa pole kwa kifo chake yeye mwenyewe.

Fundi, Mungu ambariki, alicheka. Alisema wallahi yuko mzima, basi angalau wali upikwe watu wale. Mkewe hakucheka. Alisema baba amemtilia mumewe uchuro, na mtu anayetangaza kifo cha aliye hai hafai kuachiwa ufunguo wa stoo hata siku moja zaidi. Nilimchukia mama yule wiki nzima. Nilipita mlangoni kwake bila salamu, mimi niliyelelewa nikimwambia shikamoo kila kukicha. Na moyoni nilijua ana haki.

Mkutano ukaitwa Jumamosi alasiri, kwenye darasa la chekechea tunalokutania siku zote, watu wazima tumekaa kwenye viti vidogo magoti yanagusa kidevu. Katibu akaleta hoja kwa njia ya kosa. Theluthi aliipata papo hapo. Ndipo fundi akasimama, akasema la, rafiki yangu hana kosa, rafiki yangu anaumwa. Akaomba katiba ya chama isomwe, ile njia ya pili.

Nilidhani baba atashukuru. Alisimama, kitabu chake cha kaki mkononi.

"Nishtakini," akasema. "Nawaomba. Mwenye kosa husimama akajisemea. Asiyejiweza huzungumziwa na wengine."

Wapo waliotazama sakafu, na katibu mwenyewe akawa anafuta macho kwa pembe ya mtandio. Mimi moyo ulinipasuka, kwa sababu nilikuwa nimemsikia baba akisema njia ya pili ndiyo ya heshima, mara nyingi, mitaa mingi, na kumbe hakuwahi kujiweka yeye kwenye hicho kiti. Wakapiga kura, njia ya pili ikapita. Jopo likaundwa pale pale kama alivyoliandika: nesi mstaafu, mwenye duka la dawa, mama mhudumu wa afya wa mtaa, na karani aliyewahi kufanya kazi kwa wakili mjini. Mwenyekiti akaulizwa anamteua nani awe wa tano.

Akaninyooshea kidole. "Huyu mwanangu."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipovunja ungo. Akaniambia polepole, bila kunitazama, "Waambie niko sawa. Ukisema wewe wataamini. Usiniache, mwanangu." Nikamwambia haya, baba. Nilisema haya. Siwezi kujidanganya kwamba nilinyamaza.

Sasa mtu aniambie, ningemtii nani? Nilikuwa na baba wawili. Mmoja mzima, aliyekaa kwenye kiti cha tano kule Likoni akanifundisha kazi ya kiti hicho. Mwingine mgonjwa, amenishika mkono barabarani ananiomba nidanganye. Na wote wawili nawapenda, na wote wawili wanakula kwangu.

Jopo lilikuja kwetu siku ya kumi. Walikaa sebuleni, nikawaandalia chai na mahamri. Nesi akamuuliza baba maswali kwa sauti ya upole. Leo siku gani? Akakosea. Hapa wapi? Akapata. Rais wa nchi ni nani? Baba akataja jina la rais wa zamani, yule wa wakati mimi nikivaa sare ya shule. Nesi akaandika. Lakini baba akaona ile kalamu inavyokwenda, akajiweka sawa kwenye kiti, akasema kama mnataka kumtoa huyo, kuna njia mbili. Na akazitoa zote. Theluthi, robo, siku mbili za Spika kumfikishia Jaji Mkuu, siku saba za jopo kuundwa, siku kumi na nne, kamati ya maseneta kumi na mmoja. Seneti hakuisahau. Hakupotea hata nukta, na alifundisha kwa raha, akihesabu kwa vidole kama zamani. Nilisimama mlangoni na birika, nikijivuna kama mjinga.

Alipomaliza walimwomba apumzike chumbani. Mwenye duka la dawa akasema mtu mwenye kichwa kama kile ataambiwaje hajiwezi? Mama mhudumu akaafiki, akasema siku ile ya fundi ilikuwa kuchanganyikiwa tu, homa hufanya hivyo. Nesi akasema hapana, kilichokaa muda mrefu huondoka mwisho, ndiyo maana anakumbuka Katiba na hakumbuki Jumanne. Karani akawa upande wa nesi. Wawili kwa wawili. Wakageuka wote wakanitazama.

Ningeweza kusema yuko sawa. Neno moja tu. Angebaki na ufunguo wake, angebaki kuitwa mwenyekiti, na mimi ningekuwa naye nyuma nikirekebisha, nikimkagua kila anapotaka kutangaza kifo. Nililifikiria. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Badala yake nikawaambia kuhusu asubuhi zetu. Kila siku baba anaamka kabla yangu, anavaa shati lake jeupe, ananiuliza kwa nini turubai haijapelekwa bado kwa marehemu. Marehemu gani, baba? Mama yako, ananiambia, amefariki usiku, nawe umelala. Kila siku namwambia tulishamzika, ni miaka sita sasa, watu walikula, watu walilala matanga. Na kila siku analia kama ndiyo kwanza anaambiwa, kisha kufikia saa tatu amesahau. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilipomaliza, mwenye duka la dawa alikuwa ameweka hamri yake chini.

"Hajiwezi," nikasema. "Baba yangu hajiwezi tena."

Ripoti ikasomwa Jumamosi iliyofuata. Watatu kwa wawili. Katiba ya baba, kwa jinsi alivyopenda uwazi, ilitaka kila mjumbe atajwe na alichosema, na hapo alikuwa ameizidi hata ile kubwa. Kosa lake lilikuwa hilo. Katibu akasoma polepole, na alipofika kwangu akainua macho akanitazama kwanza, mama yule niliyemnunia. Baba alinigeukia. Sijaona uso kama ule kabla wala baada. Si hasira. Alikuwa ananitafuta, kama mtu anayejaribu kujua huyu aliyekaa hapa ni nani. Kisha akasimama, akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka mezani, akatoka peke yake.

Hakusema nami siku nne. Chakula alikula, maji ya kuoga alipokea, neno hakutoa. Nilimpigia magoti mlangoni kwake nikamwomba radhi, akageukia ukuta. Nikasema acha anune, siku moja hasira itamwisha, tutakaa tuyazungumze, nitamkumbusha muuza samaki wa Likoni, ataelewa. Hilo ndilo lililokuwa tegemeo langu. Siku ya tano aliniita kwa sauti yake ya kawaida kabisa. Nikaitika abee, nikakimbia. Akaniuliza kama mahamri yameisha.

Alikuwa amesahau. Alisahau hasira, na nilichomfanyia nacho kikaenda nayo. Watu waliniambia nishukuru Mungu. Nishukuru nini? Mtu aliyesahau kosa lako utamwomba radhi ya nini? Nilijaribu mara moja, akaniambia ah, umenikosea lini wewe, akacheka, akanipa kipande cha mkate wake. Nilikwenda jikoni nikalia nikijiziba mdomo na leso.

Lakini hakusahau yote. Kitu kimoja kilimbakia, sijui kwa nini hicho. Kila Jumamosi alasiri anavaa, anachukua kitabu cha kaki, na nikimwambia hakuna mkutano anakaa barazani anafikiri. Kisha ananiuliza: lile jopo, mtu wangu alisema nini? Anajua palikuwa na jopo. Anajua aliteua mtu. Hajui kwamba mtu huyo ndiye anayemsongea ugali. Mwanzo nilikuwa nabadilisha mazungumzo. Namwonyesha mpita njia, namuuliza habari za shule aliyofundisha. Wiki nyingi zilipita hivyo.

Jumamosi moja nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, unga umepanda bei, na yeye ameuliza kwa mara ya tatu. Nikasema leo nitampa raha yake, ana kosa gani mzee huyu.

"Alisema unajiweza, baba. Alikutetea mpaka mwisho."

Nilingoja atabasamu. Uso ukamwanguka. Alikiangalia kile kitabu mapajani, akakipangusa jalada kwa kiganja.

"Basi nilikosea kumchagua," akasema. "Sikumweka pale anitetee."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka nimwambie ni wewe, ni wewe uliyenishika mkono barabarani ukaniomba! Lakini ningemwambia nani? Yule aliyeomba alikuwa hayupo tena. Aliyekaa mbele yangu ni yule wa Likoni, amerudi kwa dakika chache tu, na amekuta nimemwangusha. Nikapiga magoti pale barazani, watu wanapita, sikujali.

"Nimekudanganya, baba. Mtu wako alisema hujiwezi tena. Alisema kweli."

Akaendelea kukipangusa kitabu chake. Kisha akaniuliza kama ninamjua huyo mtu. Nikasema namjua. Akaniuliza kama alilia aliposema. Nikasema alilia, na bado analia.

"Mpe salamu zangu," akasema. "Mwambie sina kinyongo naye. Mwambie baba yake alisema hivyo."

Nikamwambia nitamfikishia. Akaridhika, akaomba chai, nikaenda kumpikia.

Jumamosi iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata, na mimi sasa namjibu kweli kila mara, naye kila mara anamtuma mtu yule salamu. Ananitazama usoni akinikabidhi, ananisisitiza nisisahau. Mpaka leo hazijanifika.